Hema la Dada Pindo

Dada yangu mkubwa alianza kushona mahema mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mpaka anastaafu mwaka jana alikuwa hajawahi kuliona hata moja likiwa limesimama. Nikiwaambia watu hivyo hudhani natia chumvi. Sitii. Kiwandani kwao kila kazi ilikuwa na chumba chake. Wakataji walikata, wakapitisha. Washonaji walishona, wakapitisha. Ng'ambo ya ukuta walikuwapo wageuzaji, na hao ndio waliolitoa hema uani, wakalisimamisha, wakalimwagia maji kuona kama linavuja, kisha wakalikunja. Dada alikuwa chumba cha kati. Hema likitoka kwenye cherehani yake lilisukumwa kwenye tundu la ukutani, na hilo limekwenda. Lete jingine.

Huko ndiko alikopewa jina la Pindo, kwa sababu pindo lake lilinyooka hata bila kuchorewa mstari. Jina likamfuata nyumbani, na siku hizi hata Mama anamwita hivyo. Hakuna kitu chenye ukingo kinachopita mbele yake salama. Taulo zangu alizipinda upya. Mapazia ya jirani aliyapinda bila kuombwa. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni kinyozi mwenye upara unaong'aa kuliko vioo vya saluni yake, na anaapa kwamba kuna siku alipokea wageni suruali yake ikiwa bado na sindano.

Tumezaliwa watatu. Wa kwanza ni Pindo, halafu Kaka, ambaye ni mwashi na anajua kila kitu, halafu mimi kitinda mimba. Mimi nauza viatu, na katika familia yetu kazi yangu ni kusema. Baba alitutoka mapema, tukabaki na Mama katika chumba kimoja, tumelala chini tumepangana, Mama mlangoni na mimi ubavuni kwake. Kisha Pindo akapata kazi kiwandani. Zamu zilianza alfajiri na kiwanda kilikuwa mbali, kwa hiyo akahamia bweni la wasichana wa kiwanda. Alikuwa bado mtoto, nywele zake bado anasukwa na Mama. Jumapili alikuja mchana na mkate, akaondoka kabla ya giza. Mimi na Kaka tulisoma kwa sababu ya zile zamu zake. Baadaye akaolewa, moja kwa moja kutoka bwenini. Kwa hiyo tangu siku alipobeba kisanduku chake, hakulala tena chumba kimoja na sisi.

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nani analifikiria? Nililifikiria siku ile alipoagwa kazini, tumekaa na soda mkononi, msimamizi wao akamuuliza atafanya nini na muda wake wote huo. Tulitegemea aseme atapumzika, au atafuga kuku.

"Nataka tulale wote pamoja," alisema. "Usiku mmoja tu. Mama, wadogo zangu, watoto wao, wote. Kama zamani."

Watu wakacheka, walidhani ni utani. Mimi niliweka soda yangu chini.

Sasa, hakuna hata mmoja kati yetu mwenye nyumba ya kututosha wote. "Basi nitashona," alisema Pindo, na kwa upande huo neno lilikuwa limekwisha. Kizingiti kilikuwa Mama. Mama yetu halali ugenini. Harusi ataenda, msiba ataenda, lakini jua likianza kushuka utamwona anatafuta mkoba wake. Nilipojifungua alikuja kila asubuhi kuniogeshea mtoto, na kila jioni akarudi kwake. Kitanda chake, anasema, kimemzoea.

Wakati wa kumuaga, kiwanda kilimpa Pindo robota la vipande vilivyosalia. Kitambaa cha mahema yao upande mmoja ni wa kijivu, umepakwa kitu kama mpira, na upande wa pili ndio wenye rangi. Pale palikuwa na nyekundu, manjano, kijani, buluu, kila kipande na yake. Pindo alivishona msimu mzima sebuleni kwake. Meza ikatolewa, makochi yakasimamishwa wima, shemeji akawa anakula jikoni kwa kusimama. Hema lenyewe likifunguliwa hakuna aliyeliona, maana sebule haikutosha. Tulichoona ni mlima wa kijivu unaokua wiki hadi wiki, na miguu ya dada yangu ikitokeza chini yake.

Siku ikafika. Tulichukua nafasi kwenye uwanja wa kambi, mahali penye nyasi fupi na bomba la maji, na msitu kwa mbali. Mama akashushwa, akawekewa kiti, akajitanda shali yake vizuri. Kisha akanyoosha kidole kwenye miti ng'ambo ya uwanja.

"Sikilizeni. Hema likisimama kabla jua halijagusa ile miti, nalala. Lisiposimama, huyu kaka yenu ananirudisha kwangu. Na asije mtu kunililia."

"Sawa, Mama," alisema Pindo.

"Na mto wangu ubaki kwenye gari."

Mto ukabaki kwenye kiti cha mbele, umefungwa mkanda kama abiria. Nilimwona Pindo akiutazama ule mto. Halafu akavua viatu, akaanza kazi.

Alilifungua hema kunjo baada ya kunjo, kijivu juu, kama lilivyokuwa likikaa mbele yake miaka yote, akipitisha kiganja kwenye kila mshono. Ilikuwa raha kumtazama. Likaenea, likaenea, mpaka watoto wakaanza kurudi nyuma kulipisha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona tumemaliza. Nilimsahau Kaka.

Kaka alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi na pima maji yake ya kazini.

"Hapa hapajanyooka," alisema.

"Kaka, ni hema," nikamwambia.

"Hema nalo ni jengo. Tazama mwenyewe, kiputo kimekimbilia huku. Mama atalala kichwa kikiwa chini kuliko miguu."

"Nimelala hivyo na wewe tumboni," Mama akasema kutoka kwenye kiti, "wala sikufa."

Hakusikia la mtu. Alichukua koleo akaanza kuchonga ardhi, hapa anapunguza, pale anajaza, anarudi kwenye pima maji, anaguna. Jirani yetu walikuja vijana na vihema vyao vya kisasa, wakavirusha hewani, vikafunguka vyenyewe kabla havijatua, wakakaa wakawasha muziki. Mmoja wao, msichana aliyevaa kofia ya sufu, akatusogelea.

"Shikamooni. Tuwasaidie?"

"Marahaba, binti yangu, ahsante," Kaka akajibu, kifua mbele. "Huyu unayemwona ni fundi wa mahema. Ameshona maisha yake yote."

Msichana akamtazama Pindo kwa heshima kubwa. Pindo akatazama jua.

Hatimaye Kaka aliridhika, na vigingi vikapigwa kwa nyundo ya uashi, vikazama ardhini kana kwamba tunafunga ndovu. Ikabaki nguzo ya kati. Mtu alitakiwa kutambaa chini ya hema akiwa nayo, aipate pete ya kileleni, ainue, huku wengine wakivuta kamba pande zote. Shemeji alijitolea. Aliingia kwa magoti, akapotea. Tukawa tunaona uvimbe tu ukitembea chini ya kitambaa, unakwenda kusini, unarudi, unazunguka.

"Nipo wapi?" sauti ikauliza.

"Upo ndani!" tukamjibu.

"Ndani wapi?"

"Fuata mshono!" Pindo akapaza sauti. "Mishono yote inakwenda katikati!"

"Mbona huku chini kuna rangi nzuri hivi?"

"Mume wangu, shika nguzo, acha kutalii!"

Hapo ndipo tulipogundua kwamba dada yangu hajui kuamrisha kwa mdomo. Chumba cha cherehani kina kelele za kupasua masikio, kwa hiyo washonaji husemezana kwa mikono, na wana lugha kamili: kiganja juu maana yake acha, ngumi ni vuta, vidole viwili ni nyuzi zimekwisha. Nguzo ilipoanza kupanda, Pindo akasimama mbele yetu, akainua kiganja kwa nguvu zote. Kwetu sisi kiganja juu maana yake ni twende. Tukavuta. Akainua na cha pili, macho yamemtoka. Tukavuta zaidi. Hema likaegama, likasitasita, likashuka polepole juu ya shemeji na pumzi ndefu, na ndani yake tukasikia, "Jamani, kwani nimewakosea nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Watoto walibingirika kwenye nyasi. Hata Kaka, ambaye hucheka kwa msimu, alishika mbavu. Lakini Pindo hakucheka. Alikuwa anatazama miti, na mimi nikafuata macho yake, kicheko kikanikauka. Jua lilikuwa limeshuka kuliko nilivyodhani.

"Tena," alisema, kwa sauti ndogo.

Shemeji akarudi chini. Tukashika kamba. Pindo akafungua mdomo atoe amri, na mikono ikamtangulia tena, na kila mtu akaanza kuuliza vuta au acha, vuta au acha. Mara tukasikia sauti nyuma yetu.

"Wa kushoto, vuteni! Wa kulia, tulieni! Nimesema tulieni, wewe mwenye fulana! Mkwe, inua! Inua kama mtu aliyekula!"

Alikuwa Mama. Alikuwa amesimama juu ya miguu yake miwili, shali imeanguka, mkono kiunoni. Mama huyuhuyu ambaye hema likishindikana anajirudia zake kitandani. Pindo aligeuka akamtazama, na uso wake sitausahau. Ni hapo alipojua kwamba Mama naye anataka.

"Wa kulia sasa! Wewe mwashi, kaza hiyo, unalala? Yote! Yote!"

Likasimama. Likanyanyuka mbele yetu, kijivu, pana, limetanuka kila upande, halina hata kunyanzi moja. Vijana wa jirani wakapiga makofi na miluzi. Shemeji akatoka kwa magoti, jasho likimtiririka usoni, akainua mikono kama aliyefunga bao. Pindo hakupiga kelele. Alilizunguka hema zima taratibu, akiligusa, na aliporudi tulipokuwa, mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Kumbe huwa makubwa hivi," alisema.

Kaka, kwa fahari, akaitumbukiza nyundo yake kwenye kimfuko kilichokuwa kwenye ukuta wa hema. Vilikuwapo vingi, vimepangwa kwa urefu. "Mnaona?" alituambia. "Dada amefikiria kila kitu. Hata mahali pa kuweka vyombo vya kazi."

Pindo akaitazama ile nyundo. Akaitazama tena.

Wakati huohuo Mama alikuwa ameingia kukagua, na sauti yake ikatoka ndani. "Pindo! Si ulisema umenishonea mfuko wa miwani, karibu na kichwa? Mbona siuoni?"

Nyundo ya Kaka ilikuwa inaning'inia ndani ya mfuko wa miwani ya Mama, nje, kwenye upepo.

Nikashika ukingo wa mlango nikachungulia, na hapo nikaelewa. Nyekundu, manjano, kijani, buluu, rangi zote zilikuwa ndani. Nje palikuwa kijivu, mifuko, na vikunjo vya mishono vimesimama kama mbavu. Tulikuwa tumelisimamisha hema ndani ikiwa nje. Fundi wa mahema, maisha yake yote, amelitandaza kinyume, na sote tukavuta kamba.

Nikaanza kucheka, maana mimi ndivyo nilivyo, lakini nilipomwona dada yangu nikanyamaza. Alikuwa amekaa kwenye sanduku la vigingi, mikono magotini.

"Mimi mahema yote ninayoyajua ni ya kijivu," alisema. "Yalikuwa yanaletwa hivyo, yanaondoka hivyo. Sikuwahi kuyaona upande wa pili." Kisha akainuka ghafla. "Lishusheni. Tuligeuze."

"Dada," Kaka alisema, kwa upole ambao simjui nao. Hakumalizia. Alitazama miti tu. Jua lilikuwa vidole viwili juu yake, na kulishusha hema, kuligeuza, kulipandisha tena na timu hii tuliyokuwa nayo, tungefika usiku.

"Likinyeshewa hivi litaingiza maji kwenye mishono. Mama yangu simlazi ndani ya kitu kilichogeuzwa. Lishusheni, nimesema. Kama ataondoka, aondoke." Sauti ilimkatika kwenye hilo neno la mwisho. Alikuwa amengoja maisha mazima, na sasa ni yeye mwenyewe anayeshika kamba ya kuangusha.

"Nani ashushe?" Mama akauliza kutoka ndani. "Na mimi nimo humu?"

Tukaingia wote. Mama alikuwa ameketi chini katikati ya hema, miguu ameinyoosha, na jua la jioni lilikuwa linapenya kwenye kitambaa na kummwagia rangi kichwani, begani, kwenye viganja. Alikuwa anavigeuzageuza viganja vyake akivitazama. Sijawahi kumwona Mama akiwa mzuri vile, na ninasema hivyo bila aibu.

"Mama, nimekosea," Pindo alisema. "Nimelisimamisha kinyume. Rangi zilitakiwa ziwe nje."

"Ili azione nani? Kunguru?"

"Mama, watu ndivyo—"

"Mimi niko ndani, rangi nazo ziko ndani. Kosa liko wapi?" Akapiga nyasi kwa kiganja mara moja. "Nilisema lisimame. Limesimama. Lielekee wapi, hilo sikusema. Nileteeni mto wangu."

Kaka ana kitambi na magoti mabovu, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho alikimbia. Siku hiyo alikimbia. Tulimsikia akipigana na mkanda wa kiti cha gari, akautukana, akarudi ameukumbatia mto kama mtoto mchanga. Pindo aliupokea, akaukung'uta, akauweka chini, akaulaza vizuri. Kisha akafunika uso kwa mikono yake yote miwili, akacheka na kulia kwa pamoja, na sisi tukamrukia, wakubwa kwa wadogo, mpaka nguzo ikatikisika na Kaka akapiga kelele kwamba hilo ni jengo.

Wakati wa kupanga malazi, mimi nilitandika ubavuni kwa Mama, mahali pangu tangu kuzaliwa. Mama akanitazama.

"Wewe sogea huko. Umelala hapa vya kutosha. Pindo, njoo."

Nilisogea. Nilinung'unika kidogo ili nisionekane nimeguswa.

Likabaki jambo dogo. Tepe za kufungia mlango, kwa kuwa hema liligeuka, zilikuwa nje. Aliye ndani hawezi kufunga. Kaka alijitolea atufunge, akatufunga vizuri sana, kisha tukamsikia akizungukazunguka pale nje, akifikiri ataingiaje. Ilibidi msichana wa kofia ya sufu aitwe. Alimwingiza Kaka, akafunga tepe moja baada ya nyingine, huku akicheka, akatuambia asubuhi tukitaka kutoka tumwite kwa nguvu.

Manyunyu yalianza kulipokucha. Pindo alikuwa amesema kweli, mishono iliingiza maji, lakini mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa juu ya upara wa shemeji. Tone likaanguka, pwa. Shemeji akafumbua macho, akalitazama paa, akajisogeza. Tone likamfuata. Tulikuwa macho karibu wote, tumeuma mablanketi ili tusicheke, mabega yanaruka. Kaka alihitaji msalani, na haja yake haikuwa ya utani. Akainuka, akafika mlangoni, akajaza kifua hewa amwite yule msichana.

Mama akainua kidole.

Tukageuka, tukatazama ubavuni kwake. Mwanamke ambaye tangu utoto wake aliamka kabla ya watu wote, kwa ajili ya zamu, kwa ajili yetu, alikuwa amelala fofofo. Mdomo umefunguka, nywele nyeupe zimemwangukia usoni, na mkono mmoja umeshika ncha ya shali ya Mama.

"Shh," Mama alinong'ona. "Mtoto amelala."

Kaka akaachia pumzi taratibu, akakaa chini, akabana magoti. Tukasubiri.